Kisukari na Macho: Je, Kipimo Kipi Kinakufaa?

Mama mpendwa, kama wewe mwenyewe una ugonjwa wa kisukari, au unamuuguza mume, mkwe au mtoto mwenye ugonjwa huo, bila shaka umekwisha kuambiwa kuwa ni lazima macho yapimwe. Lakini ukifika hospitali unakutana na majina mengi. Mmoja anakutuma ukapigwe picha ya kawaida ya jicho. Mwingine anasema ufanyiwe OCT. Wa tatu anataja picha ya sindano ya rangi. Bei nazo hazilingani hata kidogo. Mama anabaki amesimama dirishani pa kulipia, pochi mkononi, asijue kama anachotakiwa kulipia ni cha lazima au kingeweza kusubiri.

Mimi ni muuguzi kwa miaka mingi sasa, na kanisani kwetu nasaidia siku za kupima sukari na presha. Swali ambalo akina mama huniuliza mara nyingi ni hili: "Sista, kipimo kizuri kabisa cha macho ni kipi, ili niende kwenye hicho moja kwa moja?"

Wanaouliza hivyo hudhani kwamba vipimo hivi ni kama ngazi, cha bei ya chini kikiwa dhaifu na cha bei ya juu kikiwa bora. Sivyo. Kila kipimo kina swali lake kinalolijibu, na kila kimoja kina mahali ambapo hakioni. Tena, kilichookoa macho ya watu wengi zaidi ni picha ya kawaida, inayopigwa kila mwaka kwa mtu ambaye bado anaona vizuri. Hebu tuvitazame kimoja kimoja, ili siku utakapotumwa ujue unakwenda kutafuta nini.

KISUKARI HUFANYA NINI NDANI YA JICHO?

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Kazi yake ni kama ya filamu katika kamera zetu za zamani: mwanga huingia kupitia mboni, huangukia kwenye retina, na taswira hupelekwa kwenye ubongo. Katikati ya retina pana sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo tunayotumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele na kutambua sura ya mtu.

Retina hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Presha ya damu nayo ikiwa juu, uharibifu huenda mbio zaidi.

Madhara huja kwa njia mbili. Kwanza, mishipa hufanya vivimbe vidogo na kuvuja damu, maji na mafuta. Maji yakivuja karibu na makula, makula huvimba na mgonjwa huanza kuona ukungu. Pili, mishipa mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu husababisha mishipa mipya iote, lakini mishipa hiyo ni dhaifu. Hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huvuta retina mpaka ibanduke. Hapo mtu anaweza kulala akiona na kuamka haoni.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba haya yote huanza kimya kimya. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, wala machozi. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akikataa kupimwa. Aliniambia, "Sista, mimi bado natunga uzi bila miwani." Alisema kweli kabisa, kwa sababu makula yake ilikuwa salama. Alipokubali kupigwa picha, ilionekana mishipa mipya imeanza kuota kwenye retina ya jicho la kushoto, kando ya makula. Alitibiwa kwa mwanga wa leza kabla damu haijamwagika, na hadi leo anashona sare za watoto wa shule.

KUCHUNGULIA NDANI YA JICHO

Kipimo cha zamani kuliko vyote ni jicho la mtaalamu mwenyewe. Mwaka 1851 mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo cha kwanza kilichomwezesha daktari kuona retina ya mtu aliye hai. Kabla ya hapo, hakuna daktari aliyeweza kuona vizuri kilichokuwa kikiendelea nyuma ya mboni. Vitochi vya kuchungulia jichoni tunavyoviona hospitali leo ni wajukuu wa chombo hicho.

Kitochi hiki ni cha bei nafuu na hubebwa mfukoni. Ila kinaonyesha sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, kama mtu anayetazama sebule kupitia tundu la ufunguo. Daktari bingwa wa macho hutumia njia nzuri zaidi: anatia matone ya kupanua mboni, kisha anatazama kwa darubini ya mezani pamoja na lenzi maalumu, wewe ukiwa umeegemeza kidevu. Kwa njia hiyo anaona retina kwa upana na kwa kina.

Udhaifu wake ni miwili. Kwanza, mabingwa ni wachache, na wengi wako mijini. Pili, akishamaliza kutazama hakuna picha inayobaki. Mwaka ujao atakayekupima atakuwa na maandishi tu ya kulinganisha.

PICHA YA KAWAIDA YA RETINA

Hapa ndipo kamera inapokuja kusaidia. Unakaa mbele ya kamera maalumu, unaegemeza kidevu, unatazama taa ndogo, na mwanga mkali unamulika mara moja. Hakuna sindano. Picha ya rangi inatokea, ikionyesha mishipa, madoa ya damu, vivimbe na alama za njano za mafuta yaliyovuja. Kazi hii haihitaji daktari bingwa. Muuguzi au fundi aliyefunzwa anaweza kuifanya, na picha ikasomwa na mtaalamu aliye mbali.

Picha hizi zina historia ya heshima. Miaka ya 1970 huko Marekani ulifanyika utafiti mkubwa wa kujua kama leza inasaidia macho ya wenye kisukari. Kila jicho lilipigwa picha za sehemu saba za retina, na wasomaji wa picha wakazipanga kulingana na ukubwa wa ugonjwa. Mwaka 1976 watafiti walitangaza kwamba kwa macho yaliyoota mishipa mipya, leza ilipunguza hatari ya upofu mkubwa kwa nusu au zaidi.

Baadaye ilionekana kwamba kwa kupima watu wengi, si lazima zipigwe picha saba. Uingereza ilianza mpango wake wa taifa mwaka 2003. Kila mwenye kisukari wa umri wa miaka 12 au zaidi huitwa kupimwa, na kila jicho hupigwa picha mbili tu, moja ikilenga makula na nyingine ikilenga mahali mshipa mkuu wa fahamu unapotokea. Matokeo yake? Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini hivi, ugonjwa wa macho wa kisukari haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi katika Uingereza na Wales. Watafiti hao walisema huenda upimaji huo, pamoja na kudhibiti sukari vizuri zaidi, ndiyo sababu.

Nasi kwetu haya si mambo ya ng'ambo tu. Mkoani Kilimanjaro watu wenye kisukari wamekuwa wakipigwa picha za retina kwa kamera inayosafirishwa kliniki hadi kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu waliopimwa huko ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao tayari walikuwa na dalili za ugonjwa huu katika retina.

Je, picha hii haioni nini? Kwanza, ni bapa. Inaonyesha sura ya juu ya retina, lakini haipimi unene wake, kwa hiyo uvimbe mdogo wa makula unaweza kupita bila kuonekana. Pili, haifiki pembezoni kabisa. Tatu, mtoto wa jicho akikomaa, picha hutoka na ukungu, na mgonjwa inabidi apelekwe kwa daktari.

OCT: KUKATA TABAKA BILA KISU

OCT ni kipimo ambacho wengi husikia kikitajwa kwa heshima kubwa. Kilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 huko Marekani na kundi la watafiti akiwamo David Huang na James Fujimoto. Kinafanana na ultrasaundi tunayofanyiwa wakati wa ujauzito, ila badala ya sauti kinatumia mwanga. Mwanga unatumwa ndani ya jicho, unarudi kutoka kila tabaka la retina, na kompyuta inachora picha ya tabaka hizo.

Ili kuelewa tofauti, fikiria keki ya harusi. Picha ya kawaida inakuonyesha keki kutoka juu: rangi yake, maua yake, na pale penye doa. OCT inakuonyesha kipande kilichokatwa, ukakiona kwa ubavu: tabaka ngapi, wapi pameloa, wapi pamevimba. Hupima mpaka elfu chache za milimita moja. Haigusi jicho, haina sindano, na huchukua dakika chache tu.

Kwa uvimbe wa makula, OCT haina mpinzani. Ndiyo inayomwambia daktari kama uvimbe upo, ni mkubwa kiasi gani, na kama dawa inasaidia. Siku hizi uvimbe unaoharibu uwezo wa kuona hutibiwa zaidi kwa sindano za dawa ndani ya jicho, zinazorudiwa kwa miezi kadhaa. (Usiogope, mama. Jicho hutiwa ganzi kwanza.) Mgonjwa aliye kwenye matibabu hayo atatumwa OCT mara kwa mara, wala si kwa sababu hospitali inapenda fedha. Bila OCT, daktari hana njia nzuri ya kujua kama aongeze sindano au aache.

Lakini OCT ya kawaida hutazama eneo dogo, hasa makula. Mtu anaweza kupewa majibu ya OCT yaliyo safi kabisa, na kumbe mishipa mipya inaota mahali ambapo mashine haikutazama. Yule mama mshonaji angefanyiwa OCT ya makula peke yake, huenda angeambiwa aende nyumbani kwa amani. Kwa hiyo OCT si badala ya picha ya retina. Inaongezwa juu yake.

PICHA YA SINDANO YA RANGI

Kipimo hiki madaktari hukiita anjiografia. Mwaka 1961, wanafunzi wawili wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis, walichapisha njia ya kudunga rangi iitwayo fluoresini kwenye mshipa wa mkono, kisha kupiga picha retina mfululizo huku rangi ikipita katika mishipa ya jicho. Mtu wa kwanza kupigwa picha hizo alikuwa Alvis mwenyewe.

Kipimo hiki kinaonyesha damu ikitembea. Mpira wa kumwagilia bustani ukiwa umetoboka, huwezi kujua tundu liko wapi mpaka ufungulie maji. Ndivyo ilivyo hapa: rangi inaonyesha mshipa upi unavuja, upi umeziba, na wapi mishipa mipya imeota hata kama bado ni midogo sana.

Kina usumbufu wake. Baadhi ya watu hupata kichefuchefu kwa muda mfupi. Ngozi huweza kugeuka njano kwa saa kadhaa, na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au zaidi. Nimewahi kumwona mzee aliyerudi hospitali usiku na familia yake yote wakidhani amepata homa ya manjano, kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Mara chache sana mtu hupata mzio mkali, ndiyo maana kipimo hufanywa mahali penye dawa za dharura na wahudumu waliofunzwa. Kama umewahi kupata mzio wa dawa, una pumu au ugonjwa wa figo, sema mapema. Kwa kawaida madaktari huepuka kumfanyia mama mjamzito.

Hiki si kipimo cha kila mwaka. Ni cha mtu ambaye tayari ugonjwa umeonekana, na daktari anahitaji kujua zaidi kabla ya kutibu, au anashangaa kwa nini mgonjwa haoni vizuri wakati picha nyingine hazionyeshi sababu.

VIPIMO VIPYA ZAIDI

Katika miaka ya 2010 ilienea aina mpya ya OCT inayoonyesha mishipa bila sindano yoyote. Mashine hupiga picha mahali pale pale mara nyingi kwa haraka, kisha kompyuta hutafuta kinachosogea, yaani damu. Inaonyesha vizuri mishipa iliyoziba. Lakini haionyeshi uvujaji, na mgonjwa asipotulia picha huharibika. Kwa hiyo haijaifuta ile ya sindano.

Nyingine ni kamera ya eneo pana. Kisa chake kitamgusa kila mzazi. Huko Scotland, mtoto wa miaka mitano alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa sababu retina yake ilibanduka bila kugunduliwa mapema, ingawa alikuwa akipelekwa kupimwa. Kwa mtoto mdogo, kuchunguzwa pembezoni mwa retina ni taabu. Baba yake, Douglas Anderson, aliazimia kupata mashine ambayo mtoto angeivumilia, na mwaka 1992 akaanzisha kampuni ya Optos. Kamera yake huonyesha takriban asilimia 80 ya retina katika picha moja, mara nyingi bila kuhitaji matone. Kwa mwenye kisukari, faida ni kuona madhara ya pembezoni ambayo kamera ya kawaida hayafikii. Udhaifu wake ni bei kubwa, rangi za picha ambazo si za asili, na wakati mwingine kope hujitokeza kwenye picha na kufunika sehemu ya chini.

Tusiisahau pia ultrasaundi ya jicho. Damu ikishamwagika ndani ya jicho, au mtoto wa jicho akiwa mzito, kamera zote za mwanga zinashindwa kupita. Hapo ultrasaundi hutumika kujua kama retina bado imeshikamana nyuma ya damu hiyo.

KOMPYUTA INAYOSOMA PICHA

Picha ikishapigwa, lazima isomwe. Hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea: mama anaambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu, nauli inakosekana, na basi tena.

Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza mashine ya akili mnemba inayosoma picha ya retina na kutoa majibu yenyewe: mgonjwa huyu apelekwe kwa daktari wa macho, au arudi baada ya mwaka. Kwa jirani zetu wa Rwanda ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa waliohitaji rufaa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata majibu ya kompyuta papo hapo, jingine likasubiri majibu ya msomaji kwa siku chache. Katika kundi la kwanza, karibu nusu walikwenda kwa daktari wa macho. Katika kundi la pili, walikwenda watu wanne katika kila kumi.

Tofauti hiyo inatufundisha jambo. Kamera ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa aliondoka kliniki akijua hali yake. Na bado, hata katika kundi lililofanya vizuri, karibu nusu hawakwenda. Hapo hakuna mashine itakayosaidia. Panahitajika mtu wa nyumbani wa kusema, "Baba, kesho tunakwenda, nimekwisha kuomba ruhusa kazini."

BASI, KIPI KWA NANI?

Tukivikusanya pamoja, unaweza kukumbuka hivi:

Una kisukari na unaona vizuri: picha ya kawaida ya retina, au kuchunguzwa na daktari wa macho baada ya kutiwa matone. Mara moja kila mwaka, isipokuwa daktari wako akupangie vingine.

Unaona ukungu, mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, au picha imeonyesha alama karibu na makula: OCT.

Upo kwenye matibabu ya sindano za jicho: OCT za kurudia.

Daktari anahitaji kujua mishipa iliyoziba au inayovuja: picha ya sindano ya rangi, au OCT ya mishipa pale inapopatikana.

Umeona ghafla madoa meusi yanayoelea, kama utando wa buibui au masizi, au pazia limeshuka kwenye jicho: usingoje kipimo chochote cha zamu. Nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Kuhusu muda wa kuanza, mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata zaidi watu wazima, apimwe mara tu anapogunduliwa. Sababu ni kwamba sukari huenda ilikuwa juu kwa miaka kabla hajajua. Mwenye aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana, huanza kupimwa ndani ya miaka mitano tangu agundulike.

KWA MAMA MJAMZITO

Kama ulikuwa na kisukari kabla ya kupata mimba, ujauzito unaweza kuuharakisha ugonjwa wa retina. Pimwa macho kabla ya kushika mimba ikiwezekana, au katika miezi mitatu ya kwanza, kisha ufuate ratiba utakayopewa mpaka baada ya kujifungua. Picha ya kawaida na OCT hazina mionzi ya eksirei, na zinaweza kufanyika. Kwa upande wa matone, mwambie mhudumu kwamba una mimba naye ataamua.

Mama ambaye sukari yake ilipanda wakati wa ujauzito tu, na hakuwa na kisukari kabla, hayumo katika hatari hiyo ya macho. Lakini akumbuke kupima sukari tena baada ya kujifungua na kila baada ya muda, kwa maana baadhi hupata kisukari cha kudumu miaka ya baadaye.

UKIENDA KUPIMWA

1. Uliza kwa upole: "Daktari, kipimo hiki kitatuambia nini ambacho bado hatukijui?" Daktari mwema hataudhika. Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama fedha yako inakwenda mahali pake.

2. Uliza bei kabla, na kama una bima, uliza kama inalipia.

3. Nenda na mtu. Matone hufanya macho yaone ukungu na kuumia na mwanga kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari, usipande pikipiki ukiwa dereva, wala usipange kukata mboga jioni hiyo. Beba kofia, mwavuli au miwani ya jua.

4. Nenda na miwani yako, orodha ya dawa, na daftari la sukari na presha.

5. Usiondoke bila kujua tarehe ya kurudi. Omba nakala ya picha au majibu, uyaweke pamoja na kadi za kliniki. Picha ya mwaka huu itakuwa na thamani zaidi mwakani, pale daktari atakapoziweka mbili kando kwa kando.

6. Endelea na dawa, chakula na mazoezi. Hakuna kamera inayotibu. Sukari na presha zikitulia, retina hupata nafuu ya kweli.

Yule mama aliyeuliza kipimo kizuri kabisa nilimjibu hivi: kama hospitali ya wilaya yako ina kamera ya kawaida, usikae nyumbani miaka mitatu ukikusanya fedha za OCT ya mjini. Nenda kwenye hiyo iliyo karibu, nenda mwaka huu, na uende wakati bado unaona vizuri. Ikionyesha tatizo, ndipo tutajua fedha zikusanywe kwa ajili ya kipimo gani. Na ukiwa unakwenda, mshike mkono na mzee wa nyumbani ambaye naye ana sukari. Safari ni moja, nanyi mtakuwa wawili wa kushikana wakati wa kurudi.